Barua kwa mwanangu: Stan Getz na fidla zake

Mwanangu mpenzi,

Salamu zimefika, na swali lako pia. Unasema umeisikiliza *Focus*, santuri ya jazi ya Stan Getz, ukaona ni muziki wa mapokezi ya hoteli, na unauliza kwa nini mpiga saksafoni hodari ajifunike fidla zote zile.

Kwa santuri nyingi za aina hiyo ningekuunga mkono. Novemba 1949 mtayarishaji Norman Granz alimwingiza Charlie Parker, mpiga saksafoni mwingine wa jazi, studio mjini New York pamoja na fidla, obo na kinubi. Parker aliipenda sana kazi ile, na katika "Just Friends" anapiga kwa namna ambayo hakuna wa kumfikia. Lakini hao walio nyuma yake wanamtandikia mkeka tu: noti ndefu, tamu, naye anacheza juu yake. Waondoe, wimbo haupungukiwi kitu. Waliomwiga baadaye wakauchukua mkeka, mchezaji wakamwacha.

Getz alikuja na wazo jingine. Mwaka 1961, akiwa amerudi Marekani kutoka Denmark, alimwomba mtunzi Eddie Sauter asimpangie nyimbo zilizokwisha kuvuma bali atunge kitu kipya. Sauter akatunga vipande saba vya ala za nyuzi vinavyojitosheleza, na sehemu ya saksafoni hakuiandika. Hakuna hata mdundo wa bendi wa kuegemea, isipokuwa pale Roy Haynes anapopiga ngoma. Getz ilimbidi afuate fidla zinakoelekea na abuni papo hapo mahali pa kuingilia.

Ilikuwa kazi ngumu, na katikati yake mama yake akafariki. Sehemu kadhaa za orkestra zilirekodiwa bila yeye, akaja kupiga baadaye juu ya mkanda. Sikiliza uone kama utazitambua.

Sasa rudia "I'm Late, I'm Late", na tafadhali usiisikilizie kwenye spika ya simu. Sauter amechota kwa Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, na fidla zake zinakatakata, zinasukuma, kisha zinanyamaza ghafla huku Haynes akizichokoza kwa brashi. Kipande kilirekodiwa mara mbili, zote mbili zikapendeza, basi wakaziunganisha, ndiyo maana kinakwenda dakika nane. Hapo utalipata jibu lako bila mimi kusema mengi: baada ya nusu, fidla zinarudia maandishi yale yale, lakini Getz anasema mengine kabisa. Wewe uliyekulia kwenye taarabu unajua fidla inavyojibizana na mwimbaji. Hapa fidla zimekwisha kusema, jibu ndilo linalobadilika.

Sitakuficha, "A Summer Afternoon" ina sukari kidogo kuzidi, na kama hapo ndipo ulipoanzia, hoteli yako naielewa.

Mwaka uliofuata Getz alitoa *Jazz Samba* na mpiga gitaa Charlie Byrd. Bosanova, muziki ule wa Brazili, ikamvumisha kila mahali, na *Focus* ikabaki kivulini. Hata hivyo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa kazi aliyoipenda kuliko zote alizorekodi, na mimi naona hakukosea.

Ukimaliza kuisikiliza upya, nitajie kipande kilichokukera zaidi, tubishane ukija Idi. Mama yako anakusalimu, anauliza kama ile homa imekwisha.

Baba yako