Maswali ya A + B + C = 180: usikimbilie kuiondoa C

Wadogo zangu wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) na EGM (uchumi, jiografia, hesabu) mnaohangaika na yale maswali ya pembe tatu za pembetatu, A, B na C, hebu njooni hapa. Nikiwa kidato cha tano nilikesha na hili moja la kuthibitisha, sin 2A + sin 2B + sin 2C = 4 sin A sin B sin C, nikafanya kile wengi wenu mnafanya, yani kila penye C naweka 180 − A − B toka mstari wa kwanza, nafungua mabano yote, ukurasa unajaa saini na kosaini halafu hakuna kinachokatana na chochote.

Kubadilisha C sio kosa, kosa ni kuibadilisha mapema na kila mahali. We chukua mbili tu, sin 2A + sin 2B, zigeuze ziwe za kuzidishana: 2 sin(A + B) cos(A − B). Hapo ndo unaitumia pembetatu mara ya kwanza, sin(A + B) inakuwa sin C. Ile sin 2C uliyoiacha pembeni ifungue, 2 sin C cos C, unaona sasa 2 sin C iko kote kote, itoe nje, ndani inabaki cos(A − B) + cos C. Mara ya pili unaitumia kwa kurudi ulikotoka, cos C unaiandika −cos(A + B), mabano yanakuwa cos(A − B) − cos(A + B), ambayo ni 2 sin A sin B. Imeisha hiyo! Unaenda kwenye C ili upate cha kutoa nje, halafu unarudi kwa A na B.

Hiyo alama ya kutoa naomba muiogope kweli kweli, maana kwenye madaftari ninayosahihisha tuisheni ndo inakula maksi kuliko kitu kingine. Ukitoka A + B kwenda C, saini haibadiliki, kosaini na tanjenti zinageuka alama. Kwenye nusu pembe ni habari nyingine, sin ya (A + B)/2 inakuwa cos ya C/2, hakuna alama ya kutoa.

Na kabla hujaanza kuthibitisha jaribu namba. Weka 90, 60 na 30 kwenye swali la juu, pande zote mbili zinatoa √3. Usiweke 60 zote tatu, ukichanganya A na B hutajua kamwe.

Ya tanjenti ndo naipenda kuliko zote: tan A + tan B + tan C = tan A tan B tan C, ilimradi pembe isiwe 90. Anza na tan(A + B) = −tan C, zidisha kuondoa sehemu, basi. Alafu kuna pembetatu ambayo tanjenti zake ni 1, 2 na 3 kamili, zijumlishe, kisha zizidishe, uone.