Jibu: Kusoma makaburi ya zamani yaliyofutika maandishi

Mkuu, umeuliza utasomaje mawe yaliyofutika maandishi kwenye makaburi ya kanisa la kijijini, ili uandike habari za waliolala pale. Kwanza weka kando chaki, brashi ya waya na dawa ya madoa. Dawa ya klorini ndiyo mbaya zaidi: huacha chumvi ndani ya jiwe, ikikauka inabandua uso wake pamoja na herufi zenyewe.

Kinachosaidia ni mwanga wa ubavuni. Simamisha kioo kirefu pembeni, rudisha jua lipite sambamba na uso wa jiwe. Kivuli kitajaa kwenye michoro. Piga picha 4 au 5, kila moja mwanga ukitoka upande tofauti. Jioni tochi inatosha. Jiwe linaloyumba usiliegemee.

Kisha linganisha na daftari la mazishi la parokia. Kwa makaburi ya Uingereza kuna mtego: kabla ya 1752 mwaka ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1723 ya jiweni ni 1724 kwa hesabu yetu. Ukisahau hilo, utamzika mtu kabla hajazaliwa!

Fuvu na mifupa si dalili ya haramia. Ilikuwa alama ya kawaida ya mauti. Tazama pia miaka ya vifo inayorundikana, huenda ni dalili ya maradhi ya mlipuko. Kule Eyam, kijiji cha Uingereza, Catherine Mompesson, mke wa kasisi, alizikwa Agosti 1666, wakati kijiji kimejifungia kwa sababu ya tauni.