Jibu: Timu ya wanafunzi ianzie wapi na uvumbuzi wa chuo?

Ndugu, umeuliza timu yenu ya wanafunzi wanne hapa Mtwara ianzie wapi, baada ya kukabidhiwa kikaushio cha nishati ya jua alichobuni mhadhiri wenu, ambacho bado hakijapata mtumiaji. Nakushauri msianze na mpango wa biashara, bali mwende mashambani msimu wa korosho mkaone mabibo yanavyoachwa chini ya mikorosho baada ya korosho kunyofolewa. Tunda hilo huanza kuchacha ndani ya siku moja, na harufu yake mtaisikia kabla hamjafika. Kaeni pia na akina mama wanaobangua kwa mkono, ambao hupaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasiwaunguze. Waulizeni kinachowapotezea muda, kisha nyamazeni, msikilize. Huenda mkagundua kwamba kikaushio kinahitajika zaidi kwa wakaushaji wa samaki au muhogo, na hilo si kushindwa hata kidogo. Jambo moja nalisisitiza kwa dhati: msieleze hadharani namna kinavyofanya kazi kabla mhadhiri hajawasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, maana uvumbuzi uliokwisha kutangazwa huweza kuhesabiwa kuwa si mpya.