Msilikimbilie Dude: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kushika Maiki

Wadogo zangu, nimechoka. Nasema hivi nikiwapenda, maana wengi wenu mlianzia kwangu, mkikunja waya na kutia petroli kwenye jenereta kabla sijawaruhusu kugusa miksa. Lakini kila nikipita kwenye mabanda yenu ya video, mnakowatafsiria watu picha za nje kwa maiki, kuanzia Mtama hadi Kilwa Masoko, nakuta kosa lilelile. Picha ya majitu imewekwa, watu hata hawajakaa vizuri, dijei ameshika rimoti anakimbiza mbele mpaka dude litokee. Likishatokea, anaongea juu yake mfululizo kama mtangazaji wa mpira mpaka linakufa. Watu wanacheka, wanatoka, keshokutwa hakuna anayelitaja. Kisha mnakuja kwangu kulalamika kwamba picha za zamani hazina watu, kwamba nyeusi na nyeupe zimepitwa na wakati.

Si kweli. King Kong ya mwaka 1933 bado inanijazia banda hapa Lindi, na wanaoingia si wazee peke yao. Wanaingia watoto waliozaliwa wakakuta simu nyumbani, wanaojua kila ujanja wa kompyuta, na wanashika midomo. Kuna sababu, na sababu yenyewe ndiyo mnayoikata kwa rimoti.

1. Msiruke mwanzo. Karibu nusu ya King Kong inakwisha kabla Kong hajaonekana. Kuna meli, kuna ukungu, kuna kisiwa chenye ukuta mkubwa, na mtazamaji anabaki kujiuliza: ukuta wote huo wanamzuia nani? Ukimwonyesha Kong dakika ya tatu, umemwonyesha nyani mkubwa. Ukimpeleka mtu mpaka kwenye ukuta ule kwa miguu yake mwenyewe, hofu anakuwa ameshaijenga yeye, na Kong anaikuta tayari. Gojira ya 1954, yaani Godzilla ya kwanza ya Kijapani, inafanya hivyohivyo: majina ya waigizaji yanaanza kupita kwenye kioo, na kinachotangulia kusikika ni vishindo vya miguu na mngurumo. Bibi zetu walisimulia zimwi kwa mtindo huo. Baada ya “paukwa, pakawa” hakuna aliyekuambia zimwi lina meno mangapi. Kwanza ulisikia majani yakikatika nyuma ya nyumba, na ulikuwa umeshajisogeza karibu naye kabla zimwi halijafika mlangoni.

2. Jueni uzito unatoka wapi, ili msiuondoe. Kong alikuwa mdoli wa takribani sentimita 45, mifupa ya chuma, nyama ya mpira, manyoya ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walimsogeza kidogo, wakapiga picha moja, wakamsogeza tena, na sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Mkitazama manyoya yake mtaona yanatikisika ovyo: hizo ni alama za vidole vyao. Mimi napenda kuwaonyesha watu jambo hilo, maana wakishajua hawamdharau Kong, wanamheshimu zaidi. Gojira alikuwa mtu, Haruo Nakajima, ndani ya vazi zito la karibu kilo 100, chini ya taa kali, akikanyaga mji mdogo uliojengwa na mafundi wa Eiji Tsuburaya. Kamera ilikimbizwa kasi kuliko kawaida, ili picha ikionyeshwa kwa mwendo wake, mguu ushuke taratibu na ghorofa liporomoke taratibu, kama kitu kizito kinavyoanguka kweli. Sasa mafundi wamehangaika hivyo kupunguza mwendo, na wewe unakuja na maneno mia kwa pumzi moja! Punguza. Mguu unapopanda, nyamaza. Ukitua, sema neno moja.

3. Jitu likinguruma, shusha maiki kabisa. Sauti ya Gojira ilitokana na glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, ikasuguliwa kwenye nyuzi za zeze kubwa la besi, kazi ya Akira Ifukube. Sabufa yako, hata kama imepasuka, inaiweza sauti hiyo kuliko koo lako.

4. Hili nitalieleza kirefu, maana kwa sababu yangu mtu aliumia.

Miaka ile nilikuwa nafukuza sifa. Niliitwa kuonyesha picha kijiji kimoja cha pwani, msimu wa korosho, watu wana hela na wamejaa mpaka nje ya uzio. Nilichagua Gojira ya 1954. Sikuwa nimeitazama kwa utulivu hadi mwisho. Nilichokijua ni kwamba kuna dude na kuna mji unaungua, nikaona inatosha.

Mnaoijua mnakumbuka inavyoanza. Mabaharia wamepumzika juu ya sitaha, ghafla bahari inamulika, meli inawaka moto na kuzama. Inatumwa nyingine kuitafuta, nayo inapotea. Kisha inakuja sehemu ya ofisini: jamaa za mabaharia wamefurika, wanawabana maofisa wawaambie ndugu zao wako wapi. Hakuna dude hapo wala mlipuko, ni watu tu wanauliza. Nikahisi banda litachoka, nikaanza kutia vichekesho. Mwanamke mmoja nikampa sauti nyembamba ya kugomba, eti anataka mumewe arudi haraka kwa sababu hajaacha hela ya unga. Watu wakacheka. Kicheko kikanipa kichwa, nikaongeza, nikamfanya na ofisa awe kigugumizi.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akanyanyuka, akakaza khanga yake, akatoka. Nilimwona, na niliendelea.

Picha ilipokwisha, mzee aliyenipokea nyumbani kwake aliniita pembeni. Akaniambia kijana wa mama yule alitoka na ngalawa wakati wa kusi na hakurudi. Hata ubao wa ngalawa haukuonekana. Mama alizunguka ofisi moja hadi nyingine akiuliza, na kila alikofika aliambiwa aende kwingine. Mzee hakunikaripia. Aliniuliza tu: “Mwanangu, ulikuwa unamcheka nani?”

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu, karibu.” Nikasema niliyokuwa nayo, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza swali ambalo hadi leo ndilo mtihani wangu kabla sijagusa picha yoyote: “Wale wanawake wa pale ofisini, walipata jibu?”

Nilishindwa. Nimesimama na maiki mbele ya kijiji kizima, nimejiita mtafsiri, na sikujua kama walijibiwa.

Nilirudi mjini nikaitazama upya, polepole, kwa maandishi ya chini, nikairudia. Nikatafuta na habari za nyuma yake. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini. Mashua ya wavuvi wa jodari kutoka Japani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa kwenye maji ya upande ule ikiwa na wavuvi 23, na majivu meupe ya bomu yakawanyeshea. Fundi redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huohuo. Gojira ilitoka tarehe 3 Novemba. Yaani waliolipa kiingilio siku ile mjini Tokyo hawakuhitaji dijei wa kuwaeleza meli inayowaka ni ipi, au wanawake wale wanamlilia nani. Na aliyeiongoza picha, Ishiro Honda, alikuwa askari. Aliporudi kutoka vitani alipita Hiroshima akaiona kwa macho yake.

Nilirudi kijijini kumjibu mama. Nikamwambia: wanaambiwa kwamba baadhi ya watu wao wameokolewa na mashua ya wavuvi wa kisiwani, wanashangilia, na baada ya muda habari inakuja kwamba mashua ile nayo imepotea. Akakaa kimya kidogo, akasema: “Basi aliyeitengeneza anajua.”

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu kwa nini picha hizi hazifi, na sijapata maelezo yanayoshinda hayo. Tangu hapo sehemu ya ofisini naitafsiri neno kwa neno, sauti yangu ya kawaida, bila kuongeza kitu. Na ile sehemu ya mama aliyekumbatia wanawe barabarani Tokyo inaungua, akiwaambia sasa hivi watakwenda kuungana na baba yao, siisemi kwa haraka hata kama jenereta linakaribia kuzima. Kijana atakayeweka kichekesho hapo asiniambie kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

5. Uliza jitu limekosewa nini. Bandani kwetu sheria inajulikana: steringi hafi. Picha hizi zinaivuruga sheria hiyo, na ndiyo raha yake. Watu wanapiga makofi Ann, yule binti aliyetekwa na Kong, anapookolewa kule kisiwani. Kisha Kong anafungwa minyororo, anapelekwa New York, anawekwa jukwaani watu watazame kwa kiingilio. Ndege zinapoanza kummiminia risasi juu ya Empire State Building, banda zima linakuwa limehamia upande wake, na hakuna aliyewaambia wahame. Gojira aliamshwa na mabomu, hakuja kwa uchu wake. Yule mnyama wa picha ya 1953 ya Ray Harryhausen, fundi wa midoli kama ya Kong, naye aliamshwa na bomu kwenye barafu za kaskazini. Gorgo ya 1961 ni mama anayemfuata mtoto wake London. Ukilitafsiri jitu kama jambazi tu, umewanyima watu nafasi ya kulia nalo, na mtu aliyelia ndiye anayerudi kesho na mdogo wake.

6. Msilalamikie vifaa. Harryhausen alitengeneza pweza wa mikono sita kwa sababu fedha ya mikono minane haikuwepo, mwaka 1955, na pweza yule bado anatisha.

7. Watoto wakiuliza kama madude haya yaliwahi kuwepo, msiseme “ni kompyuta tu hiyo.” Mko Lindi! Kaskazini-magharibi mwa mji huu kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakiongozwa kwanza na Werner Janensch walichimba mifupa ya dinosaria pale, na waliochimba hasa kwa mikono walikuwa mamia ya watu wetu, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kichwa chake kikiwa juu zaidi ya mita 13. Gojira wa kwanza walimpa mita 50, hizo ni za kubuni. Hizi 13 zilitoka kwenye udongo ambao mama yako analima ufuta. Mimi huwaambia watoto hayo wakati wa kubadilisha flashi, na huwaambia pia kwamba wale wenye shingo ndefu walikula majani, maana kwenye King Kong mmoja wao anawala mabaharia na si haki kumsingizia. Kuna mtoto aliwahi kuniuliza kama babu wa babu yake huenda alibeba kidole cha dude. Nilimwambia inawezekana kabisa, akaulize nyumbani. Picha iliyofuata aliitazama amesimama.

8. Hakikisheni mna Gojira ya Kijapani ya 1954, si ile ya 1956 iliyokatwa Marekani na kuchomekwa mwandishi wa habari aliyeigizwa na Raymond Burr. Mengi yanayohusu bomu hayamo humo.

9. Anayedhani haya ni ya wazee atazame Godzilla Minus One ya 2023. Wamerudi kulekule, Japani iliyotoka kupigwa vitani, watu wenye majonzi yao kabla jitu halijafika, na ikachukua Oscar ya athari za picha. Wangeweza kujaza madude mwanzo hadi mwisho, uwezo wanao. Walichagua kuwapa muda wanadamu.

Basi. Korosho zikianza kuuzwa nitahitaji mtu wa kunipokea maiki vijijini, siwezi kuzunguka peke yangu. Anayetaka nafasi asiniletee mapigano ya majitu, hayo kila mtu anayaweza. Aniletee dakika ishirini za mwanzo za Gojira alizozitafsiri mwenyewe, meli, ofisi na kisiwa, kabla kichwa hakijachomoza nyuma ya kilima. Nitasikiliza zote.