Ukitangulia Kukipata Kitabu, Umeshika Amana

Shoga yangu wa Wete, Pemba, akinitumia ujumbe wa neno moja, "Kimetoka?", moyo unanipiga kabla sijajua kasikia nini. Natafuta, nasoma, nakuta ni uvumi ule ule wa mwaka jana. Namjibu "Bado", naye ananijibu "Inshallah". Ndivyo tulivyo tangu 2011.

Tunachokisubiri ni juzuu ya sita ya A Song of Ice and Fire, hadithi ndefu ya George R. R. Martin ya wafalme, majoka na baridi inayokuja kutoka kaskazini. Juzuu hiyo itaitwa The Winds of Winter. Hapa Unguja wengi wanaijua hadithi yenyewe kwa tamthilia ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia 2011 hadi 2019, na ukiwaambia unasubiri kitabu wanakushangaa: "Si imeshakwisha ile?" Kwenye televisheni imekwisha. Kwenye vitabu bado. Tamthilia ilimpita mwandishi njiani ikaenda kujimalizia kivyake, na wapo watu wa vitabuni ambao tamthilia haikuwaleta kabisa. Kwa hiyo tuliosoma bado tuna mengi ya kubishania.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye na wenzake wanne wa skuli wameanza kusoma mfululizo mwengine mrefu, nakala moja kwa watu watano, na wiki iliyopita wawili kati yao walikuwa hawasemezani. Nikauliza kuna nini. Mmoja alitangulia kumaliza akamtobolea mwenzake nani anakufa. Niliwakalisha uani wote watano, nikawahadithia yaliyotufika sisi.

Sisi pia tulikuwa watano, wawili Wete na watatu Unguja. Aliyetuanzisha ni huyo shoga yangu. Kaka yake alikuwa akisafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Nungwi, na mgeni mmoja akaondoka akaacha kitabu kinene, jalada limeng'oka, kurasa zimevimba kwa maji ya bahari. Ilikuwa 2007. Shoga yangu alikisoma na kamusi mapajani, alipomaliza akanipa mimi, mimi nikampa mwengine. Kilikuwa cha kwanza, kile cha mwaka 1996. Cha pili na cha tatu tulivipata Dar kwa kuchangishana, na cha nne kililetwa na binamu yangu aliyekuwa akisoma Uingereza.

Hicho cha nne ndicho kilichotufundisha kusubiri. Mwandishi alikuwa na maandishi mengi kuliko yanavyoweza kukaa katika juzuu moja, akayagawa. Ila hakuyagawa kwa wakati, aliyagawa kwa watu na mahali. Nusu ya watu wakaingia katika juzuu ile ya 2005, nusu wakaachwa kwa juzuu ijayo. Ukakisoma kitabu kizima ukimtafuta Tyrion humuoni, Daenerys humuoni. Mwishoni mwandishi aliweka maelezo mafupi, kwamba hao waliobaki watakuja mwaka unaofuata, na kwamba hilo ndilo tumaini lake. Walikuja Julai 2011. Miaka sita.

Katika kusubiri huko ndimo nilimojifunza jambo ambalo sijawahi kuliacha: hadithi unayoisubiri isimulie kwa watu wasioisoma. Msimu mmoja wa karafuu nilikuwa Wete, na usiku tukikaa ukumbini kwa bibi kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vimekuwa vyeusi. Kazi ile haiendi bila hadithi. Bibi alipomaliza zake akasema, "Haya, na nyinyi mnaosoma usiku kucha, tupeni zenu." Tukaanza. Majina ya kizungu hakuyataka. Tyrion akawa "yule mfupi", Daenerys akawa "bibi wa majoka", na Winterfell, ngome ya kaskazini, akaiita "kwao baridi". Tulipofika kwa Jon, yule kijana aliyelelewa nyumbani kwa Eddard Stark kama mtoto wake wa nje ya ndoa, bibi aliacha kuchambua.

"Mama yake nani?"

Tukamwambia Eddard hasemi. Mkewe kauliza, kakatazwa kuuliza.

Bibi akachukua shada jengine la karafuu, akalitazama. "Mwanamume muungwana akikataa kumtaja mama wa mtoto, mtazameni vizuri huyo mtoto kama ni wake."

Sisi wawili tulitazamana. Watu walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo tangu kitabu cha kwanza kitoke, na sisi tulikuwa na daftari zima la ushahidi, na bibi kafika pale kwa akili ya mtu aliyeishi. Sisemi kama alipatia au alikosea, maana huenda anayesoma hapa yuko juzuu ya pili. Ninachosema ni kwamba nilipolazimika kuisimulia hadithi kwa Kiswahili, kwa mtu mwenye maswali yake, ndipo nilipogundua sehemu ambazo nilidhani nimezielewa na kumbe nilizipita tu. Nani alimsaliti nani, kwa ajili ya nini, na kwa ahadi gani. Ukishindwa kumueleza bibi, rudi ukasome.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niwakalishe wale watoto.

Juzuu ya tano ilipotoka, binamu yangu alikuja likizo Ramadhani ile ile ya 2011 nayo mkobani. Utaratibu wetu tulikuwa tumeshaupanga: aliyetuanzisha atangulie. Lakini kitabu kilifikia kwangu, na mimi nikajiambia nitaonja sura mbili tu kabla ya kupata mtu wa kukipeleka Pemba. Sikuonja. Nilisoma baada ya tarawehe mpaka daku, nikalala kidogo, nikaamka nikasoma tena, kurasa karibu elfu moja katika siku kumi na mbili. Nilipofika karibu na mwisho kuna jambo linatokea. Sitaliandika hapa. Nilifunga kitabu nikabaki nimekaa kitandani, na wakati ule ule simu ikaita, yeye, kutoka Wete.

Aliniuliza tu, "Umepata mtu wa kumpa?" Na mimi nikamwambia. Sio kwamba nilikuwa na kusudi baya. Nilikuwa nimeumia na nilitaka mtu wa kulia naye, na yeye ndiye mtu wangu wa kulia naye. Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, ahsante," akakata simu.

Nilikusudia kukipeleka baada ya Idi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba meli ya Spice Islander ilizama ikiwa njiani kwenda Pemba, na hakuna mtu kati yetu aliyekumbuka kitabu. Kila mtaa ulikuwa na matanga. Kilimfikia mwisho wa mwaka, na alinirudishia baada ya miezi mitatu kikinuka karafuu. Nilimuuliza amekionaje. Jibu lake ninalikumbuka neno kwa neno: "Sikukisoma. Nilikuwa nikiungojea ule ukurasa."

Wanaosema "nikijua mwisho hainisumbui" nawaamini kwa nafsi zao. Lakini mtu aliyesubiri miaka huwa hasubiri habari. Habari angeipata kwa simu. Anasubiri ile njia ya kuifikia, kusoma sura bila kujua ipi ndiyo, kumhofia mtu huyu kumbe pigo linakwenda kwa yule. Nilimnyang'anya kurasa elfu moja kwa sentensi moja, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Kwa hiyo ikiwa mna nakala moja, pangeni zamu kabla kitabu hakijatoka, wakati akili bado zimetulia. Andikeni. Asiyeweza kufunga mdomo msimuweke wa kwanza, na hilo si tusi, kila kundi lina mtu wake. Kwetu ni mimi. Kila anayemaliza aandike tarehe kwa penseli ukurasa wa nyuma, na mpaka tarehe zote zitimie, kitabu kile hakizungumzwi mbele ya ambaye hajakisoma. Waliomaliza wakitaka kuzungumza, waende Forodhani wakazungumze huko. Na ukiulizwa, usiseme "subiri ufike sura ya mwisho". Hapo umeshamwambia kuwa kuna kitu sura ya mwisho. Mrudishie swali: "Wewe umefika wapi? Unaonaje?" Kisha msikilize, na uso wako uutulize. Macho nayo yanatoboa siri.

Kubishana, bishaneni. Kungoja bila ubishi kunachosha. Ila sisi tuna sharti moja: mwenye hoja aje na ukurasa. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Mwanakwerekwe, aliwahi kutujengea nadharia ya saa nzima juu ya rangi ya macho ya mtu mmoja iliyobadilika kati ya sura mbili. Alisema ni dalili ya kitu kilichofichwa. Baadaye tukajua Martin mwenyewe amekiri kuwa rangi za macho humponyoka, na kuna farasi aliyekuwa dume mahali pamoja na jike pengine. Si kila kitu ni dalili. Mwandishi naye huchoka, husahau. Nadharia nzuri ni ile inayosimama kwenye kurasa tatu zilizo mbalimbali, si kwenye neno moja.

Tunapokaribia kusahau, tunafanya hivi: juzuu tano, watu watano, kila mmoja anarudia moja na kuja kuwasimulia wenzake. Usiku tano za Ramadhani zinatosha. Wenye mfululizo wa juzuu kumi na nne itabidi wajipange vyengine.

Halafu kuna hasira kwa mwandishi. Huyu mwalimu wetu husema tunadhulumiwa, kwamba mtu aliyekuuzia juzuu tano ana deni lako. Nilikuwa naye upande huo zamani. Martin alianza kuandika 1991 akidhani ni vitabu vitatu. Sasa imepangwa iwe saba. Januari 2016 alitangaza kwamba tarehe aliyopewa imepita na kitabu hakijakamilika. Mwaka 2022 alisema amefika kama robo tatu. Ukivitazama hivyo vipindi unaona mtu anayejitahidi na jambo linalomzidi ukubwa. Yeye hugawa waandishi mafungu mawili, wasanifu wanaochora nyumba nzima kabla ya kuweka jiwe, na wakulima wanaopanda mbegu wakatazama inaota nini, na anajihesabu mkulima. Mtu wa Pemba hahitaji kufafanuliwa hilo. Kuna mwaka mkarafuu unajaa, kuna mwaka unasimama na majani yake tu, na kuupiga kelele hakukuletei karafuu.

Swali zito zaidi ni la mauti kumkuta mwandishi kabla hajamaliza, maana Martin alizaliwa 1948. Hapo tunagawanyika kweli kweli, na mfano unaoletwa kila mara ni wa Robert Jordan. Alianza The Wheel of Time mwaka 1990, akaugua, akafariki Septemba 2007 kabla ya kuimaliza. Alipojua hali yake aliacha maelezo, sehemu nyengine akazisema kwa mdomo zikaandikwa. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson aimalizie, na juzuu moja iliyobaki ikawa tatu: 2009, 2010 na 2013. Mwalimu anasema ndivyo inavyotakiwa, hadithi imalizwe. Shoga yangu anasema mkono wa mtu mwengine utaonekana tu. Mimi naona jambo liko kwa mwandishi mwenyewe. Jordan alitaka imalizwe na akaiandaa. Asiyetaka, tusimmalizie, tubaki na tulichopewa. Najua kuna watakaonikasirikia kwa hilo, lakini ndivyo ninavyoona.

Wale watoto waliuliza kama shoga yangu alinisamehe. Alinisamehe zamani, na ndiye anayenitumia "Kimetoka?" mpaka leo. Mpwa wangu naye amekwenda kwa mwenzake na kashata mbili na kitabu, wakakaa.

Ndani ya jalada la nyuma la juzuu ya tano kuna karatasi tuliyoibandika, majina matano kwa mpangilio. La kwanza ni la Wete, la mwisho ni langu, niliomba mwenyewe. Kitabu cha sita kikitoka kitafikia kwangu tena, kwa sababu wasafiri wanafikia Unguja. Nimeshaweka kanga kuukuu ya kukifungia kisipate maji ya chumvi. Nitakichukua hivyo hivyo kilivyofungwa mpaka bandarini Malindi, nitapanda nacho mwenyewe meli ya Pemba, na nitamkabidhi mkononi.