Gari la Scalextric halisogei: mota haijafa

Usinunue mota bado, mkuu. Kama gari lako la Scalextric, lile dogo la kuchezea linalokimbia kwa umeme kwenye njia yenye reli, limekaa kabatini miaka mingi na sasa halisogei, anza na zile nyuzi mbili za shaba zilizosukwa, pale chini mbele. Ndizo zinazochota umeme kwenye reli, na zikishika kutu ya kijani gari linabaki limeganda. Zifute kwa spiriti ya duka la dawa, uzichanue kidogo, kisha gusa moja kwa waya wa chanya na nyingine kwa waya wa hasi wa betri ya volti 9. Langu la miaka ya 60, la mitumba hapa Nakuru, liliamka hivyo hivyo. Ila rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, usiichomoe ovyo: sumaku nyingi za enzi hizo hupungua nguvu ukiitoa, kisha mota inachemka bila kuvuta.