Gari Likihesabiwa Hasara Kamili: Omba Hesabu Kabla ya Kusaini

Kampuni ya bima ikisema gari lako ni hasara kamili, haina maana kwamba halitengenezeki. Maana yake ni kwamba kulitengeneza kutaigharimu kampuni zaidi kuliko kulilipia. Tuchukue thamani ya gari kabla ya ajali kuwa 100. Gereji inataka 70 kulitengeneza, na mabaki yakiuzwa yalivyo yataleta 35. Ikitengeneza, kampuni inatoa 70. Ikikulipa 100 kisha ikauza mabaki, inatoa 65. Hapo gari limekwisha, hata kama injini inawaka na magurudumu yanazunguka. Kampuni nyingine hutumia kiwango badala ya hesabu hiyo: matengenezo yakipita asilimia fulani ya thamani, gari halitengenezwi. Uliza ni njia gani imetumika kwa gari lako na namba zipi zimeingizwa.

Ndiyo sababu gari la miaka mingi huhesabiwa limekufa kwa ajali ambayo kwa gari jipya ingekuwa kazi ya bampa, taa na rangi. Mifuko ya hewa nayo hupandisha bili ghafla. Ikifumuka, haibadilishwi mifuko tu: dashibodi huwa imepasuka, mikanda iliyojikaza haifai tena, na vihisi pamoja na kompyuta inayoiongoza mara nyingi hubadilishwa pia. Gari lililoingia maji hadi usawa wa viti linaweza kukauka likaonekana zima, huku nyaya na viungio vyake vikila kutu polepole. Tena makadirio ya kwanza hufanywa bila kufungua kitu. Fundi akishatoa bampa na boneti akakuta shasi imepinda, bili huongezeka, na gari lililokubaliwa kutengenezwa linaweza kugeuka hasara kamili katikati ya kazi.

Haya yote yanahusu mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Mwenye bima ndogo, ile inayolipia tu hasara unazowasababishia wengine, halipwi gari lake na kampuni yake mwenyewe. Anadai kwa bima ya aliyesababisha ajali, na hapo kuna gharama za ziada anazoweza kudai, kama kukokotwa kwa gari na kukosa usafiri, kwa kadiri sheria ya mahali inavyoruhusu. Suala la thamani ya gari ni lile lile kwa wote wawili.

Kabla ya kujadili bei

Kama gari limekokotwa hadi yadi ya mtu binafsi, kila siku ina ada yake. Kampuni ya bima huibeba kwa muda, kisha inaweza kukuandikia kwamba kuanzia tarehe fulani ni juu yako. Ruhusu mapema, kwa maandishi, gari lihamishiwe kwenye yadi ambako halitozwi, na kwenye ujumbe huo huo andika kwamba kuruhusu lihamishwe si kukubali malipo yoyote. Sentensi hiyo moja huzuia ubishi mwingi baadaye.

Kabla halijaondoka, piga picha pande zote, namba ya shasi, kilomita kama dashibodi bado inawaka, matairi kuonyesha yamelika kiasi gani, viti, na sehemu za bodi ambazo ajali haikuzigusa. Watu hupiga picha palipobondeka tu. Palipobondeka mtathmini anapaona mwenyewe. Kinachopotea ni ushahidi kwamba kwingine kote gari lilikuwa limetunzwa. Toa vitu vyako vyote, ikiwemo memori ya kamera ya barabarani na rimoti ya geti. Futa kwenye skrini ya gari simu zilizounganishwa na anwani ya nyumbani, kwa sababu gari hili litapita mikononi mwa watu usiowajua. Redio au rimu ulizoweka mwenyewe usizifungue bila ruhusa ya maandishi, maana sasa zimo kwenye hesabu ya mabaki. Kiti cha mtoto kilichokuwemo kwenye ajali kubwa kisitumike tena, hata kama hakina ufa. Kiingize kwenye madai.

Usifute bima wala kusimamisha ada kabla madai hayajafungwa. Kama unalipa kwa awamu, zilizobaki za mwaka huweza kukatwa kwenye fidia. Na kama mkataba unakupa gari la kukodi, muda wake kwa kawaida huhesabiwa hadi siku chache baada ya ofa kutolewa. Haungoji upate gari jingine, kwa hiyo anza kutafuta tangu siku unayosikia neno hasara kamili.

Thamani: hapa ndipo pesa ilipo

Mikataba mingi hulipa thamani ya soko ya gari muda mfupi kabla ya ajali. Bei uliyonunulia haihesabiki, wala bei ya gari jipya, wala deni lako benki. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya bima ni kikomo tu: ukikata bima ya 150 kwa gari la 100 utalipwa 100, na ada ya ziada uliyotoa haikununulii kitu. Ukikata ya 80, huvuki 80. Mikataba ya aina mbili ndiyo hutofautiana na hayo: ile ya thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, na ile inayotoa gari jipya badala ya lililoharibika, ambayo kwa kawaida huhusu gari lenye umri mdogo lililo mikononi mwa mmiliki wake wa kwanza. Soma wako kabla hujaanza kubishana.

Kiasi cha kwanza unachotajiwa ni pendekezo. Usikijibu kwa simu. Omba nakala ya ripoti nzima ya tathmini na uisome mstari kwa mstari. Makosa ya kawaida ni haya: toleo la gari limeandikwa la chini kuliko lako, giaboksi ya otomatiki imeandikwa ya kawaida, kilomita zimekadiriwa badala ya kusomwa, vifaa vya kiwandani kama paa la kioo au viti vya ngozi vimesahaulika, au magari ya kulinganishia yametembea zaidi sana. Angalia pia makato ya hali ya gari. Kama kila gari la kulinganishia limekatwa kiasi kile kile bila maelezo, uliza kwa maandishi ni kasoro gani iliyoonekana kwenye gari lako.

Kisha tafuta ushahidi wako. Magari manne hadi sita yanatosha: chapa ile ile, toleo lile lile, mwaka usiopishana zaidi ya mmoja, kilomita zinazokaribiana, yanayouzwa kwenye soko lako. Hifadhi picha ya kila tangazo likionyesha tarehe, bei, kilomita na jina la muuzaji, kwa sababu tangazo likifutwa huna ushahidi tena. Usichague ya bei ya juu peke yake. Mtathmini mzoefu ataona mara moja na atadharau hata yale mazuri. Atakwambia pia kwamba bei ya tangazo si bei ya mauzo, na kwa hilo ana haki kiasi. Nukuu ya maandishi kutoka kwa muuza magari ina uzito zaidi, hasa ikitaja gari linalopatikana sasa.

Risiti za matengenezo zina nafasi yake, ila zieleweke vizuri. Matairi mapya au klachi mpya haviongezi thamani kwa kiasi kile kile ulichotoa. Vinachofanya ni kupandisha daraja la hali ya gari, kutoka wastani hadi nzuri, na kuondoa makato. Zitumie kwa lengo hilo.

Barua yako iwe fupi. Inatosha kuandika: “Sikubaliani na thamani mliyotaja. Ripoti yenu imeandika toleo lisilo sahihi na imekata hali ya gari bila kutaja kasoro. Nimeambatanisha matangazo matano na rekodi za matengenezo. Naomba thamani irekebishwe kuwa kiasi hiki, na nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe hii.” Taja kiasi kamili. Anayelalamika kwamba amepunjwa bila kutaja anachotaka huongezewa kidogo cha kumnyamazisha.

Kampuni ikikataa, omba ilipe sehemu isiyobishaniwa bila wewe kupoteza haki ya kudai iliyobaki. Si kila kampuni itakubali, lakini wengi hawaombi kabisa. Baada ya hapo kuna kipengele cha usuluhishi kama kimo kwenye mkataba, ambapo kila upande huleta mtathmini wake na mwamuzi akaamua wanapotofautiana. Mtathmini wako unamlipa mwenyewe na mwamuzi mnamchangia, kwa hiyo kama tofauti haizidi gharama hizo, achana nayo uende kwa mamlaka inayosimamia bima au ofisi inayopokea malalamiko ya wateja, ambako mara nyingi hakuna ada. Utatakiwa kwanza uonyeshe kwamba ulilalamika kwa kampuni na ukajibiwa, na ndiyo maana kila kitu kinapaswa kuwa kwenye maandishi.

Kama gari lina mkopo

Benki hulipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki. Deni likiwa 90 na fidia baada ya makato ni 75, ile 15 bado unadaiwa ingawa gari halipo, isipokuwa ulikata bima ya kufidia pengo hilo. Omba benki barua ya kiasi cha kumaliza deni, yenye tarehe, na uendelee kulipa awamu hadi benki ithibitishe imepokea. Kampuni ya bima ikichelewa, faini na doa kwenye rekodi yako ya mikopo ni vya kwako.

Hati ya kumaliza madai

Hati hii huletwa pamoja na ahadi kwamba pesa itatoka haraka ukisaini. Isome. Maneno ya kwamba unaachilia madai yote yatokanayo na ajali yanaweza kufunga pia madai ya majeraha na ya mali iliyoharibika ndani ya gari. Omba iandikwe kwamba inahusu uharibifu wa gari peke yake. Hakikisha inaonyesha mchanganuo: thamani, toa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, toa ada inayodaiwa, toa mabaki kama unabaki nayo. Ile sehemu uliyobeba unaweza kuidai kwa aliyekugonga. Iulize kampuni yako kama itaidai pamoja na yake.

Kubaki na mabaki

Ukitaka gari lenyewe, kampuni hukata bei ya mabaki kwenye fidia. Kwa mfano wetu, 100 kutoa 35 inabaki 65, kabla ya makato mengine, na matengenezo ni 70. Hesabu inakukataa, isipokuwa una fundi na vipuri vya bei nafuu. Inafaa pale uharibifu ni wa sura tu, kama bodi iliyopigwa na mvua ya mawe. Gari la mafuriko liache, hata likitolewa kwa bei ya kutupa. Kabla ya kuamua, uliza mambo matatu: kama gari linaruhusiwa kurudi barabarani au ni la vipuri tu, ukaguzi gani unahitajika, na kama kuna kampuni itakayolikatia bima kubwa tena. Alama ya hasara kamili ikiingia kwenye rekodi ya gari, kila mnunuzi wa baadaye atashusha bei.

Ukiliacha, hakikisha umiliki umehamishwa rasmi. Wahalifu hununua magari yaliyokufa kwa ajili ya namba ya shasi na kadi, wakavivalisha gari la wizi la aina ile ile. Kabidhi kadi ya gari na funguo zote mbili kwa kampuni ya bima yenyewe, upewe risiti yenye namba ya shasi na tarehe, kisha ijulishe mamlaka ya usajili kwamba gari si lako tena.